Shajara ya Mradi: Sauti za Wazee wa Tanga Ndani ya Memori Kadi

Jumatatu. Tulipofikia

Rekodi tulizo nazo sasa zinatosha kuanza kugawa. Wazee wa Ngamiani, Makorora, Mabawa na Tongoni wameongea kwa kituo. Mmoja ameeleza alivyosimuliwa na baba yake vita vya Novemba 1914, majeshi ya Waingereza yaliposhuka Tanga na nyuki wakawavamia askari katikati ya mapigano. Wengine wameeleza maisha ya manamba kwenye mashamba ya mkonge, safari za reli ya Usambara, na harusi zilizochezwa siku saba. Bi Mkubwa wa Ngamiani ameghani tenzi alizozipokea kwa mama yake, na sauti yake bado ina nguvu.

Kazi iliyobaki ni kuzirudisha sauti hizi kwa wenyewe na kwa majirani zao. Wapo vijana wanaosema tuziweke mtandaoni, yaishe. Sikubaliani nao kwa hatua hii. Wengi wa wanaozingojea wana vitochi, na hata mwenye simu janja hanunui bando ili asikilize saa nzima ya utenzi. Memori kadi inapita mkono kwa mkono, haina bando, na mtu anaweza kusikiliza akiwa shambani Pongwe au baharini ambako mtandao haushiki. Nataka Bi Mkubwa asikie sauti yake ikitoka kwa jirani akiwa hai. Hiyo ndiyo haraka yangu.

Kabla ya kununua kadi hata moja, lazima tujue simu na redio walizo nazo wasikilizaji. Kadi inaweza kuingia kwenye tundu bila shida na simu isiijue kabisa.

Jumatano. Simu walizo nazo

Nimezunguka na daftari nikiandika jina la kila simu na namba yake ya modeli, ile iliyo chini ya betri. Namba hiyo ndiyo muhimu, maana simu mbili za kampuni moja zinazofanana sura huwa na mipaka tofauti.

Kundi kubwa ni vitochi vya miaka ya karibuni. Nokia 130 iliyotoka mwaka 2014 inapokea kadi hadi 32 GB, na 3310 ya mwaka 2017 vilevile. Hawa hawatatupa taabu. Wenye Nokia 105 ya mwaka 2013 hawana tundu la kadi kabisa, kwa hiyo inabidi tuwatafutie njia nyingine. Kuna redio ndogo za memori, ambazo nimezikuta karibu kila nyumba yenye mzee: asubuhi zinasoma Qurani, jioni zinapiga kasida. Kuna masabufa. Kuna simu janja za Tecno na itel. Wenye iPhone ni wachache, nao hawana pa kuweka kadi, kwa sababu iPhone haijawahi kuwa na tundu hilo. Kijana mmoja alileta Samsung Galaxy S21 akishangaa nafasi iko wapi. Samsung waliiondoa kwenye simu zao za S kuanzia toleo hilo la mwaka 2021.

Kisha lipo kundi dogo ambalo limenichukulia muda kuliko yote: wenye simu za zamani hasa, zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2006 au muda mfupi baadaye, ambazo maelezo yake yanasema mwisho ni 2 GB. Ami mmoja pale Deep Sea, mvuvi, anayo moja. Betri yake inakaa siku nyingi na kioo chake kinasomeka juani, kwa hiyo hana mpango wa kuiacha.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja na redio yako ile ya kunasa maneno?”

“Leo nimekuja na daftari tu. Nataka kujua simu yako inakubali memori ya ukubwa gani.”

Akacheka, akafungua kipochi cha plastiki anachofunikia simu. “Wewe niambie mimi. Nilinunua hii ya GB kumi na sita. Nikiitia, simu haisemi ndiyo wala siyo. Wanangu wakaniambia imekufa. Nikaipeleka kwa fundi, kwenye simu yake ikapiga nyimbo.”

Kadi ni nzima na simu ni nzima. Nimemwomba aniachie kadi hadi kesho.

Alhamisi. Kwa nini simu ya ami haiioni ile kadi

Ninaandika sehemu hii kwa kirefu kwa sababu karibu kila mtu niliyeongea naye, wakiwemo vijana wa vibandani, anaamini kwamba kadi ikikataa dawa yake ni kuifomati, yaani kuifuta na kuipanga upya. Mara nyingine ni kweli. Kwa kadi ya ami, hapana.

Kadi zote za simu tunazozitumia zina umbo moja: milimita 15 kwa 11, unene milimita 1. SanDisk walizitoa mwaka 2004 kwa jina la TransFlash, na mwaka uliofuata chama cha watengenezaji wa SD kikazichukua na kuziita microSD. Umbo halijabadilika tangu hapo. Kilichobadilika ni mazungumzo kati ya kadi na simu, na mazungumzo hayo yana vizazi. Kizazi cha kwanza ni SD ya kawaida, mwisho 2 GB. Mwaka 2006 ikaja SDHC, inayoanzia juu ya 2 GB na kuishia 32 GB. Mwaka 2009 ikatangazwa SDXC, kutoka hapo hadi 2 TB (TB moja ni karibu GB elfu moja). Mwaka 2018 ikafuata SDUC, hadi 128 TB, na hizo sijaiona hata moja kwenye duka la Tanga. Alama ya kizazi imechapwa juu ya kadi yenyewe kwa herufi ndogo, HC au XC. Ndiyo ya kutazama kabla ya tarakimu kubwa za GB.

Simu inapotaka kitu ndani ya kadi, inataja anwani. Kwenye kadi za kizazi cha kwanza anwani inahesabu baiti, yaani chembe ndogo za data, moja moja. Namba ya anwani ina biti 32, yaani tarakimu 32 za sifuri na moja, na ukihesabu baiti moja moja kwa biti 32 unafika 4 GB ukomo. Kanuni yenyewe ikaweka mwisho 2 GB. SDHC ilipokuja, namba ilibaki ya biti 32 lakini ikaanza kuhesabu vipande vya baiti 512. Ni kama mtu aliyezoea kuhesabu nyumba moja moja Ngamiani, halafu anaelekezwa kwa namba za barabara: anasikia “ya nane” na anasimama kwenye nyumba ya nane badala ya barabara ya nane. Ukizidisha anwani zote za biti 32 kwa baiti 512 unapata 2 TB kamili, na ndiyo maana SDXC inaishia hapo hapo. SDUC ili ifike 128 TB ilibidi anwani irefushwe hadi biti 38.

Waliotunga SDHC hawakutaka simu ya zamani ibahatishe anwani na kuharibu vitu. Kwa hiyo kadi mpya, inapowashwa, inangoja iulizwe swali fulani la utangulizi ambalo ni simu za kizazi chake tu zinazolijua. Simu ya ami haijui kuuliza swali hilo. Inaita kwa namna ya zamani, kadi inaendelea kujibu kwamba bado haijawa tayari, na baada ya muda simu inakata tamaa. Ndiyo “haisemi ndiyo wala siyo” aliyoieleza ami, na ameieleza sawasawa.

Kufomati hakuwezi kusaidia hapa, kwa sababu simu na kadi havijafika hata kwenye hatua ya kusoma fomati. Kijana wa kibandani aliuliza kama tunaweza kuigawa kadi ya 16 GB, tukate kipande cha 2 GB na kuificha sehemu iliyobaki. Hapana. Kipande kitakuwa kidogo lakini kadi itabaki SDHC, na itaendelea kungoja swali lile lile.

Kinyume chake kinawezekana. Simu mpya inazijua kadi za zamani zote. Kadi ya 2 GB iliyotoka kwenye simu ya zamani itasomeka kwenye simu janja ya leo.

Ami anahitaji kadi ya 2 GB ya kweli, ya kizazi cha kwanza. Madukani siku hizi ni nadra. Nimeacha maneno kwa mafundi wote wa karibu na soko la Ngamiani watazame kwenye droo zao.

Jumamosi. Mpaka wa 32 GB ni wa namna nyingine

Mjukuu wa Bi Mkubwa alimnunulia bibi yake kadi ya 64 GB kwa nia njema. Kitochi cha bibi kimeandikiwa mwisho 32. Alipoitia, simu iliuliza kama ifomati kadi. Mjukuu alikuwa karibu akamzuia, na alifanya vizuri, kwa sababu ndani mlikuwa na picha za msiba wa babu yake ambazo hazikuwa na nakala kwingine.

Watu wanafikiri huu ni ukuta ule ule wa 2 GB, umesogezwa tu mbele. Sivyo. SDHC na SDXC zinahesabu anwani kwa namna moja na zinasalimiana na simu kwa namna moja. Tofauti kubwa iko kwenye mpangilio wa mafaili. Kanuni inasema kadi za juu ya 2 GB hadi 32 GB zifomatiwe FAT32, na zinazozidi hapo zitoke kiwandani zikiwa na exFAT, mfumo ambao Microsoft waliutoa mwaka 2006. Kwa miaka mingi mtengenezaji aliyetaka exFAT kwenye simu yake alipaswa kulipia leseni, kwa hiyo simu nyingi za bei ya chini zilitoka bila kuifahamu. Microsoft waliweka maelezo yake wazi Agosti 2019, na mwaka huo huo Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta na simu, toleo la 5.4 ikaanza kuisoma. Simu zilizotengenezwa kabla ya hapo zikabaki zilivyo.

Kwa hiyo kitochi cha bibi kiliiona kadi na kujua ukubwa wake. Hakikuelewa tu maandishi ya ndani. Tulihamishia picha kwenye kompyuta ya shule, tukahakikisha zinafunguka moja moja, kisha tukaifomati kadi kwa FAT32 kwenye Linux. Dirisha la kawaida la kufomati la Windows kwa muda mrefu halikumpa mtu chaguo la FAT32 kwenye kadi inayozidi 32 GB, na hapo ndipo wengi wanapoamini kwamba jambo haliwezekani. Kadi ya 64 GB sasa inapiga kwenye kitochi.

Hata hivyo sitazigawa kadi za namna hiyo kwa wengine. Mtengenezaji wa simu ameahidi 32 GB na hakuahidi zaidi. Kitu kikifanya kazi leo mbele yangu kwenye simu moja, sina haki ya kumhakikishia mzee wa Mwarongo kwamba na kwake kitafanya kazi.

Wala hatuna sababu ya kutaka ukubwa huo. Tumezigeuza rekodi kuwa MP3 za kilobiti 64 kwa sekunde, mkondo mmoja (mono), kwa kuwa ni maneno matupu bila vyombo. Saa moja inachukua karibu MB 29. Kadi ya 4 GB inabeba zaidi ya saa 130, na ya 2 GB inakaribia saa 70. Mkusanyiko wetu wote haujafika hata nusu ya hiyo ndogo. Wauzaji wanatusukuma tuchukue kubwa, wakisema tofauti ya bei si kitu. Kwa kazi hii nachagua ndogo inayosomeka kila mahali.

Muuzaji mwingine alitusisitizia kadi yenye alama ya A1. Alama hiyo ilianza mwaka 2016, na inaahidi kadi itasoma vipande vidogo vidogo visivyopungua 1500 na kuandika 500 kwa sekunde. Ina maana kwa mtu anayetaka kuendeshea programu za simu janja kutoka kwenye kadi. Namba iliyo ndani ya duara, 4 au 10, ni kasi ya chini ya kuandika mfululizo kwa megabaiti kila sekunde, na inamhusu anayepiga video. Utenzi wetu unahitaji kilobaiti 8 kwa sekunde. Kadi yoyote nzima inaweza.

Kuna swali wameliuliza watu wengi hadi naliandika hapa: kadi ya 32 GB ikionyesha 29.8 kwenye simu haijaibiwa. Kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, na simu nyingi zinaihesabu kuwa baiti 1024 × 1024 × 1024. Ni ukubwa ule ule uliopimwa kwa vipimo viwili. Ikionyesha pungufu sana ya hapo, ndipo uulize.

Jumatatu. Kupima kadi, na tulichokuta

Kadi za kwanza za mradi zimefika. Tulizinunua sehemu mbili tofauti, makusudi. Kabla ya kuweka sauti hata moja, kila kadi inapimwa hadi ijae. Jambo hili nimelisimamia mwenyewe na sitalegeza.

Tunatumia F3, programu ya kupimia kadi, kwenye Linux. Mwenye Windows anaweza kutumia H2testw, inayofanya kazi hiyo hiyo. F3 ina sehemu mbili. Ya kwanza inaijaza kadi mafaili ya GB moja moja, 1.h2w, 2.h2w, na kuendelea mpaka nafasi iishe. Ya pili inasoma kila kilichoandikwa na kulinganisha. Kadi inayoandika MB 10 kwa sekunde inachukua karibu saa moja kujaa kwa 32 GB, na kusoma kunafuata. Ni kazi ya kuchosha, na umeme ukikatika unaanza upya.

Za duka la kwanza zimetoka safi zote. Za duka la pili, zilizoandikwa 32 GB na jina la kampuni inayojulikana dunia nzima, zimeanza vizuri. Faili la kwanza sawa, la pili sawa, ikaendelea hivyo hadi kwenye la saba. La nane likaja na sehemu ndogo tu iliyo sawa. Kuanzia la tisa safu ya “sawa” ikawa sifuri, na safu za “imeharibika” na “imeandikwa juu” zikajaa. Ndani ya hizo kadi mna 8 GB au pungufu. Yaliyobaki ni namba tu.

Namna ujanja huu unavyofanyika inafaa ijulikane kwa kila mwenye kibanda. Kila kadi ina kontrola, kichakataji kidogo kinachoiambia simu ukubwa wake. Mtu huichukua kadi ndogo, akabadilisha programu ya kontrola ili iseme 32 au 128, kisha akachapa maandishi mapya juu yake. Simu haina njia ya kujua, inaamini inachoambiwa. Ukiweka nyimbo chache, zinapiga. Ukiendelea kujaza hadi ukauvuka ukubwa wa kweli, kontrola inazitupa data mpya au inaziandika juu ya za zamani, na bado inajibu kwamba imeandika. Orodha ya majina ya mafaili kwa kawaida inakaa mwanzoni mwa kadi, sehemu iliyo ya kweli, kwa hiyo unafungua folda na kuyakuta majina yote yamepangana vizuri, na ukibonyeza moja hupati sauti.

Nafikiria picha za harusi, sauti za marehemu, na masomo ya watoto vilivyopotea namna hii katika mji wetu huku watu wakilaumu simu, virusi au mikono yao wenyewe. Inaniuma. Mzee akinipa sauti yake nami nikaitia kwenye kadi ya uongo, nimeipoteza, haijalishi nilikuwa na nia gani.

Tumezirudisha kadi zile pamoja na karatasi ya matokeo. Muuzaji alishangaa kweli, maana naye alizinunua kwa jumla kama mali nzuri; alirudisha fedha na kuziondoa zilizobaki kwenye kioo. Kijana wa kibanda jirani alishauri tuzikate zibaki na ukubwa wao wa kweli tuzitumie. F3 inaweza kufanya hivyo. Nimekataa kwa mradi huu: aliyebadilisha namba hakuchagua kadi nzuri kuanzia. Kwa mtu anayetaka kujaribia mambo yake, shauri yake.

Dalili ya kutazama dukani kabla ya kupima ni ukubwa usioendana na bei, na herufi zisizoendana na ukubwa: kadi iliyoandikwa 128 GB yenye alama ya HC inajisema yenyewe, maana HC inaishia 32.

Jumatano. Tenzi zilizovurugika mpangilio

Tumejaribu kadi ya kwanza iliyokamilika kwenye redio ya memori ya Bi Mkubwa. Amekaa kibarazani, redio kwenye mkeka, na wenzake wawili wamekuja na kahawa. Ilipoanza sehemu ya kwanza aliinamisha kichwa na kuanza kughani pamoja na nafsi yake, kwa sauti ya chini, akishika pumzi pale pale ilipokuwa inashikwa kwenye rekodi. Kisha redio ikarukia sehemu ya tano.

“Aa, hapa pameruka,” akasema. “Hajafika huku bado. Bado hajaaga kwa mama yake.”

Mafaili yalikuwa na namba sahihi, 01 hadi 12, na kwenye kompyuta yalipangika. Redio hizi hazisomi namba wala alfabeti. Zinapiga kwa utaratibu ambao majina yameandikwa ndani ya jedwali la folda, yaani kwa utaratibu yalivyonakiliwa. Ukiyachagua yote na kuyaburuta kwa pamoja, kompyuta inaweza kuyapeleka kwa mfuatano wowote. Kwenye Linux kuna programu iitwayo fatsort inayopanga jedwali lenyewe upya, na kwa kibanda kisicho nayo njia ni kufomati na kunakili faili moja moja kwa zamu. Tumepanga kwa fatsort, tukamrudishia jioni ile ile. Amesikiliza hadi mwisho na kusema safari imekaa sawa.

Jambo la pili linahusu kadi za 2 GB, ambazo kwa kawaida zimefomatiwa FAT16. Folda ya juu kabisa ya FAT16 ina nafasi ya maingizo 512, basi. Na jina refu halichukui ingizo moja. Kila herufi 13 zinakula ingizo, na juu yake kuna ingizo la jina fupi. “Tongoni - maisha ya mkonge - sehemu 01.mp3” linakula maingizo matano. Kwa majina ya urefu huo, mafaili mia na kidogo yanatosha kuifanya kadi iseme imejaa wakati nafasi bado ipo tele. Dawa ni kuweka kila kitu ndani ya folda ndogo, ambazo hazina mpaka huo. Tumeweka folda kwa jina la mtaa, na majina ya mafaili tumeyafupisha.

Ijumaa. Simu janja

Hapa ni haraka. Simu nyingi janja za laini mbili zina tundu la pamoja: laini ya pili au memori, si vyote. Hapa kwetu mtu hawezi kuiacha laini ya pili, maana fedha zake ziko huko na ndugu wanamtumia huko. Hawa tunawahamishia rekodi moja kwa moja kwenye simu kwa waya na kadi tunabaki nayo.

Na moja la kuangalia kwa makini. Kuanzia Android 6.0 ya mwaka 2015, baadhi ya simu zinauliza kama kadi itumike kama hifadhi ya ndani. Ukikubali, kadi inafomatiwa na kufungwa kwa ufunguo uliomo ndani ya simu ile tu. Kuitoa na kuitia kwenye redio ni kazi bure, na simu ikifa, vilivyomo vimekwenda nayo. Tumeandika kwenye kikaratasi cha kila kadi: chagua hifadhi ya kuhamishika.

Jumapili. Ugawaji umeanza

Fundi mmoja wa Ngamiani ameipata kadi ya 2 GB, imetoka kwenye simu iliyokufa zamani. Nimeipima kwa F3, safi yote. Nimeifomati FAT16 na kuweka folda za Tongoni na Deep Sea. Asubuhi nilimkuta ami anashona nyavu. Kadi ilipoingia simu ikaonyesha alama ndogo pembeni mwa kioo. Sauti ilikuwa ikikatika, na kumbe meno ya ndani ya tundu yalikuwa yameshika kutu ya chumvi. Fundi wa pale aliyasafisha kwa brashi laini na spiriti, tukasubiri ikauke, na sauti ikatoka safi. Nimemwambia kila akitoka baharini afute simu kabla ya kuifungua. “Sasa nitamsikiliza baba wa rafiki yangu nikiwa Kwale,” amesema, akimaanisha kisiwa. Mzee huyo wa kwenye rekodi anaeleza namna ya kuijua mikondo kwa rangi ya maji.

Kadi tulizogawa si ghala. Rekodi asili za WAV, ambazo hazijabanwa, zimehifadhiwa kwenye diski mbili, moja shuleni na moja nyumbani kwa mwalimu wa madrasa, kwa sababu kadi inapotea, inavunjika, na ikikaa miaka bila umeme chaji inayoshikilia data inaweza kupungua. Aliyepoteza yake atajaziwa nyingine bila malipo.

Yanayofuata: kupima kadi za 16 GB za awamu ya pili, kutafuta kadi nyingine za 2 GB kwa mafundi wa Chumbageni na Pangani, maana wenye simu za zamani wengine wawili wamejitokeza, kumfundisha kijana wa kibandani kutumia F3 na fatsort ili kazi isinitegemee, na kwa wenye Nokia 105, kupanga zamu ya redio ya memori ambayo itakaa wiki moja moja kwa kila nyumba, ikianzia Makorora.